Kidevu Kilichopotea

"Wameniibia kidevu!" alinguruma Mose Kimbrell, na ngumi yake ikatua mezani kwa nguvu hadi kikombe cha kahawa kikaruka.

Ida Pruett alimtazama mwenye studio kwa makini. "Mbona naona viwili bado vipo, bosi?"

"Si changu, mwanamke wewe! Kidevu cha Kincannon!"

Hapo Ida aliacha utani, akaiweka donati yake juu ya mkoba. Kidevu cha Dorsey Kincannon hakikuwa jambo la mzaha katika studio ile. Kwa miaka kumi na mitano kilikuwa kimepanda farasi, kimepigwa ngumi, kimebusu mabinti wa wafugaji machweo ya jua, na kimelipa mishahara ya watu wote waliopita kwenye lile geti, wa Ida akiwa mmojawapo. Yeye alitoka polisi ya jiji la Los Angeles, akaja kuwa mpelelezi wa studio, kazi ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa kuwatoa nyota mahabusu kabla magazeti hayajaamka. Wizi wa kidevu ulikuwa kitu kipya, na aliufurahia waziwazi.

"Nieleze polepole," alisema.

Kimbrell alieleza kwa haraka. Mwaka huo wa 1954 Kincannon alikuwa amechoka na farasi, akaomba kuongoza filamu. Kimbrell alikubali kwa shingo upande: filamu moja tu, na Kincannon mwenyewe aigize humo kama ndugu mkubwa. Leo jioni, saa kumi na moja, mabwana wa benki kutoka New York wangeitazama. Wakiipenda, Kincannon angeongoza tena. Wasipoipenda, angerudi juu ya farasi kwa mkataba wa miaka mingine mitano, na mgongo wake ulishaanza kulalamika kila alipopanda.

"Sasa katika mkanda wa mwisho wa filamu," Kimbrell alisema, "ndugu mkubwa anamwambia mdogo wake kwamba yeye ndiye aliyemtelekeza baba yao jangwani. Analia. Uso wake umejaa skrini nzima, kidevu kinatetemeka. Wale mabwana wamelipia hicho! Na leo, watu walipokwenda kula, mtu ameingia chumba cha kukatia filamu akang'oa vipande vyote vya uso wa Kincannon. Vyote! Umebaki uso wa yule kijana Tolliver tu."

"Kijana Tolliver basi ndiye amefaidika."

"Ndiye. Mlinzi alimwona ngazini wakati wa chakula, na begi mkononi. Nenda kamkamue. Nataka kidevu changu kabla ya saa kumi na moja."

"Na Kincannon mwenyewe alikuwa wapi?"

"Stejini, kitini kwake. Steji nzima ilimwona. Unamshuku mtu aliyeibiwa sasa?"

"Nashuku kila mtu, bosi. Ndiyo kazi inayoninenepesha," alisema Ida, akachukua donati yake na kutoka.

Hakwenda kwa Tolliver. Alikwenda kwanza mahali pa tukio, kama alivyozoea tangu akiwa na sare. Chumba cha kukatia filamu kilikuwa juu, mwisho wa ngazi za chuma, na ndani yake alitawala Zelda Mirsky, mama mkavu mwenye glavu nyeupe za pamba na jojo mdomoni. Sigara alikuwa ameacha siku ile alipoona filamu ikiwaka moto, na tangu hapo alitafuna jojo kwa hasira.

"Usiguse kitu, mama polisi. Vidole vyako vina mafuta."

"Nitaweka mikono mgongoni. Ufunguo anakuwa nao nani?"

"Mimi. Na mwingine unaning'inia msumarini hapo nje. Moto ukitokea hutaki kuanza kupekua mifuko. Kila mtu anaujua huo msumari."

"Na wakati wa chakula hapa hakuna mtu?"

"Leo Jumanne, siku ya supu ya kuku. Hata mgonjwa anainuka kitandani."

Zelda aliipitisha filamu chini ya taa ndogo ya mezani, taratibu, huku akimwonyesha Ida mahali ilipoungwa upya.

"Ona hii gundi. Imemwagika kama uji wa mtoto. Ona huu ukingo, umekwenda upande. Sijaona uharibifu namna hii tangu *Korongo la Nyoka*."

Ida alicheka. *Korongo la Nyoka* ilikuwa filamu ya kwanza ya Kincannon, na pale studio ilitumika kutishia watu wavivu. Ilisemekana hata mama yake mzazi aliondoka ukumbini katikati, akidai amesahau kitu jikoni.

"Kwa hiyo mwizi wetu hajui kazi."

"Mikono yake haijui kabisa. Mikono ya kuchimba visima hiyo."

Kisha Zelda alinyamaza. Ida aliwahi kuwahoji wezi, matapeli na wake wa matapeli, na aliujua ukimya wa mtu ambaye ana neno limemkwama.

"Umeacha kutafuna," alimwambia.

"Nini?"

"Jojo. Tangu nimeingia hujapumzika, sasa umeacha. Sema, dada."

Zelda alivua glavu moja, akaivaa tena. "Sipendi kusema hili. Gundi ni mbovu, ukingo ni mbovu. Lakini pale alipokata, mahali penyewe, ni sawasawa. Hapa mkubwa anataka kuanza kulia, mwizi anamtoa, tunabaki na mdogo anayesikiliza. Hapa pia. Kila mahali. Mimi ningekata palepale. Nilitamani kukata palepale, ila bosi alikataa. Alisema watazamaji wa kawaida kule Ohio hawalipi kumtazama mtoto anasikiliza."

"Na sehemu hiyo sasa ikoje?"

"Mama polisi, nimeitazama kwenye mashine, peke yangu, nikalia. Mimi! Mara ya mwisho nililia nikiwa nazaliwa."

Ida alizunguka chumba, mikono mgongoni. Ndoano zilikuwa zimejaa vipande vya filamu, na chini yake kulikuwa na pipa la kitambaa la kupokea mabaki. Hakuna kilichovunjwa wala kumwagwa, zaidi ya ile gundi.

"Filamu ya asili, ile iliyotoka kwenye kamera, nayo imeguswa?"

"Imelala maabara, salama. Nikipiga simu, kesho mchana wananichapia vipande vyote upya."

"Mwizi anajua hilo?"

"Kila aliyekaa studio wiki mbili anajua."

"Basi ameiba kitu ambacho kesho kinarudi," Ida alisema polepole. "Hakutaka kukiharibu. Alitaka kisiwepo leo tu, saa kumi na moja."

Zelda alianza kutafuna tena.

Rafe Tolliver alipatikana kwenye kiti cha mpambaji, taulo shingoni, nusu ya uso ikiwa imepakwa poda kwa ajili ya picha za tangazo. Alikuwa kijana mzuri wa kutazamwa, na alipomwona Ida nusu ile isiyo na poda ilibadilika rangi.

"Kijana, wakati wa chakula ulikuwa kwenye ngazi za chuma. Begini kulikuwa na nini?"

"Viatu, mama."

"Viatu!"

"Vya dansi. Nilikuwa natoka mazoezini. Viko hapo chini, vitazame."

Ida aliinama, akavitazama, akavinusa, akajuta. "Haya, viatu. Ulifuata nini huko juu?"

Tolliver aliangalia mlango. "Usimwambie bosi Dorsey. Ametukataza kutazama picha zetu. Anasema mwigizaji akijiona anaanza kujipenda, akijipenda amekwisha. Lakini leo wanakuja wale wa New York, roho yangu inadunda, nikasema nipande nikaone kidogo tu. Dakika moja. Nione kama nimemwangusha."

"Ukaona?"

"Sikuingia. Nimefika mlangoni nasikia mashine inazunguka ndani. Inakwenda, inasimama, inarudi nyuma. Inakwenda tena, inasimama palepale. Nikajua ni Bi. Zelda, nikashuka mbio. Yule mama ana mkasi."

"Zelda alikuwa anakunywa supu."

"Basi nani alikuwa ndani?"

"Ndilo swali langu. Lilirudiwa sana, hilo la kwenda na kurudi?"

"Sana. Kama mtu anayechagua tai ya kuvaa harusini."

Ida alivuta kiti akaketi. Wezi aliowajua yeye walikuwa watu wa haraka, wa kunyakua na kutimka. Huyu aliingia mahali ambapo angeweza kukamatwa wakati wowote, akapiga mashine mbele na nyuma mpaka aridhike na kazi yake.

"Kila mtu anasema ni wewe," alimwambia kijana. "Umebaki peke yako kwenye skrini. Hiyo ni bahati kubwa."

"Mimi nimwibie Dorsey Kincannon?" Tolliver alisimama, taulo likaanguka. "Mama, mimi nilikuwa nauza matairi kule Fresno. Yeye ndiye aliyenitoa. Hao wenye studio walitaka mtu mwingine, yeye akagoma siku mbili. Ile siku ya kilio alikaa nyuma ya kamera akaniambia, Rafe, usilie, sikiliza tu. Afadhali nirudi Fresno nikauze matairi yaliyotoboka."

Poda ilikuwa imeanza kuchirizika upande mmoja. Ida alimrudishia taulo. "Kaa, umalize kupambwa. Na usivue viatu ulivyovaa, tafadhali."

Steji namba nne aliisikia kabla hajaiona.

"Gus! Ondoa hilo jua lako usoni kwangu, mbuzi we! Unataka nife kipofu?"

Huyo alikuwa Dorsey Kincannon, mrefu, miwani nyeusi, mkono umefunika macho. Miaka ya kutazama taa kali ilikuwa imeyamaliza macho yake, na mtu yeyote aliyemgeuzia taa alitukanwa hapohapo, awe fundi, awe mke wa gavana. Alipomwona Ida alivua kofia kwa adabu zote.

"Bi. Pruett! Umekipata kidevu changu? Hiki cha ziada kinaniwasha."

"Nakifuata nyayo. Ulikuwa wapi wakati wa chakula, Bwana Kincannon?"

"Pale," alisema, akaonyesha kiti cha turubai kilichoandikwa jina lake. "Natafakari. Waulize hawa."

Alijibu kwa urahisi mno, kama mtu aliyekariri mistari yake vizuri. Ida alimshukuru, akangoja aondoke kwenda kupanga picha za tangazo, kisha akamfuata Gus Petrakis, fundi wa taa, aliyekuwa juu ya ngazi akinung'unika kwa Kigiriki.

"Kaka Gus, wakati wa supu ulimwona bosi wako?"

"Kwa macho haya mawili, mama! Mimi na vijana wangu hatukwenda kula. Nimeletewa taa mpya, tazama ilivyo mrembo, nikakaa kuijaribu. Bosi amekaa kitini, mgongo huku, kofia imeshuka hivi. Bosi akitafakari hatumsogelei."

"Alisema neno?"

"Hata moja."

"Alisimama? Alikohoa?"

"Tuli! Nikampitishia taa begani, nikampitishia shavuni, mpaka nikaona vumbi la kofia yake. Akainua kidevu kidogo, hivi, mwanga ukakaa. Raha tupu. Nikajisemea, leo bosi ana moyo mzuri, kwa sababu ya wale wageni."

Ida aliishusha donati yake kabla haijafika mdomoni. "Ulimmulika usoni."

"Ndiyo."

"Na hakukutukana."

Gus aliitazama taa yake mpya. Alikuwa ameitwa mbuzi dakika chache tu zilizopita, na juzi mtoto wa punda.

"Mama yangu," alisema kwa sauti ndogo.

Nyuma ya steji, juu ya sanduku la vifaa, mtu mrefu alikuwa anasoma gazeti la mbio za farasi. Huyo alikuwa Lyle Buckner. Mabega yake yalikuwa ya Kincannon, na kimo chake pia, hata kofia yake iliinama vilevile. Pale studio watu wa kazi yake waliitwa vivuli. Kivuli hukaa mahali pa nyota wakati mafundi wanapanga taa, saa nzima ikibidi, bila kusogea, ili nyota asichoke. Taa zikiwa tayari mtu anapiga kelele, "Vivuli nje!" na nyota anaingia kukaa kwenye joto lililobaki kitini. Kwa miaka kumi na mitano Lyle alikuwa kivuli cha Kincannon, na hakuwahi kuonekana katika picha hata moja.

"Gus," Ida alinong'ona. "Mmulike yule."

Gus aliigeuza taa yake mpya. Mwanga ulivuka steji, ukampata Lyle shavuni. Lyle hakutazama hata ulikotoka. Alishusha gazeti, akainua kidevu kidogo, akatulia tuli.

"Asante, zima," Ida alisema, akamwendea.

Lyle alimwona anavyokuja, akamwona Gus nyuma yake ameshika kichwa, akaelewa. Alilikunja gazeti.

"Mama, mimi nilikaa tu," alisema. "Kukaa si kosa."

"Inategemea umekaa kwenye kiti cha nani. Alikuomba?"

"Aliniomba nimkalie kwa saa nzima. Mimi nimezoea."

Ida alikaa kando yake kwenye sanduku. Hakuwa na haraka tena, ila kulikuwa na jambo halikumkalia vizuri.

"Lyle, wale mabwana wakiipenda filamu bila uso wake, ataacha kuigiza. Atakaa nyuma ya kamera maisha. Wewe utakuwa kivuli cha nani?"

"Sitakuwa cha mtu yeyote. Nani mwingine ana mabega haya?"

"Unalijua hilo, na bado ukamsaidia?"

Lyle alikuna shingo. "Umeiona hiyo sehemu anayolia?"

"Bado."

"Ukiiona utanielewa. Nampenda yule mtu kama ndugu, lakini analia kama amebanwa kidole mlangoni. Na kile anachofanya nyuma ya kamera, mama... Nimesimama mbele ya waongozaji wengi. Wote wananitazama kama kabati. Yeye pekee ananiuliza, Lyle, kutoka hapo unaonaje? Aachwe afanye hiyo kazi."

Vipande vilipo hakusema, na Ida hakumlazimisha. Filamu haivumilii joto la gari, wala haifichwi chini ya godoro na mtu anayeipenda. Ingewekwa ndani ya kopo, kati ya makopo mengine, mahali ambapo hakuna mtu angetaka kufungua.

Ofisi ya Kincannon haikuwa imefungwa. Rafu moja ilibeba makopo ya filamu zake zote za farasi, yamefunikwa vumbi la miaka. Ida alipita majina kwa kidole mpaka akalifikia *Korongo la Nyoka*. Kopo hilo halikuwa na vumbi.

Ndani yake, vimeviringwa kwa upole na kufungwa kwa uzi, vilikuwa vipande vyote. Alikiinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha na kukitazama. Uso mkubwa, mdomo umepinda, kidevu kinatetemeka. Ida aliuma mdomo wake asicheke, na hakufaulu.

"Hata mama yangu alikataa kulifungua hilo," alisema Kincannon mlangoni.

Alikuwa amevua miwani. Bila miwani alionekana mzee zaidi, na mwema zaidi. Hakujaribu kukana.

"Nilimwomba Kimbrell nikate. Akakataa. Nikamwomba tena, akaniita mwenda wazimu. Bi. Pruett, mimi nimekula kwa uso huu, siudharau. Lakini nimekaa mle gizani nikaitazama filamu yangu, nzuri, nzuri kweli, yule kijana anasikiliza mpaka unasahau kupumua, halafu huyu mtu anaingia na kuvuruga. Na huyu mtu ni mimi." Alilionyesha kopo kwa kidole. "Waache waione hivyo mara moja. Baadaye nipeleke kwa Kimbrell, kwa farasi, popote."

Ida alilifunga kopo. Alikuwa ameajiriwa kutafuta mali na kuirudisha kabla ya saa kumi na moja, na hakuwahi kushindwa kazi. Aliliweka kopo kwapani, akampita, akatoka, na Kincannon alibaki ameshika kitasa cha mlango.

Mlangoni mwa chumba cha maonyesho Kimbrell alikuwa anajifuta jasho. Mabwana wa New York walishakaa ndani, watu watatu wa suti za kijivu, wamenyamaza kama wako kwa daktari wa meno. Zelda alikuwa amesimama pembeni na mkanda wa mwisho mkononi.

"Umepata?"

"Nimepata, bosi. Vyote, salama."

"Mpe Zelda aunganishe! Haraka!"

Ida alimgeukia Zelda. Hawakukonyezana, maana Kimbrell alikuwa anawatazama.

"Gundi haikauki kwa amri yako, Mose," alisema Zelda, jojo ikienda. "Ikichanika katikati ya onyesho, wageni wako watatazama ukuta mweupe. Unachagua ukuta?"

Kimbrell alimwita jina baya, akawapungia mkono waingie. Taa zilizimwa. Ida alikaa nyuma kabisa, kopo chini ya kiti; Kincannon, Tolliver na Lyle walijipenyeza wakakaa pembeni.

Filamu ilikwenda. Ilipofika kwenye mkanda wa mwisho Ida alishaisahau kazi yake. Sauti ya Kincannon, nzito na ya chini, ilikuwa inaungama kosa la jangwani, na skrini nzima ilikuwa ya kijana anayesikiliza. Tolliver hakufanya chochote. Alisikiliza tu, na usoni pake baba alikufa mara ya pili. Bwana mmoja wa New York alivua miwani. Mstari wa mbele, Mose Kimbrell alikohoa kwa nguvu, akalaumu moshi, na hapakuwa na mtu anayevuta sigara.

Taa ziliwaka. Kisha yule wa miwani akasema, "Mbona hukutuambia una mwongozaji, Kimbrell?"

Kimbrell aligeuka polepole, macho mekundu. "Pruett. Mwizi ni nani?"

Ida alivuta pumzi, lakini Kincannon alishasimama kule pembeni. "Ni mimi, Mose."

"Wewe! Umejiibia mwenyewe?"

"Sikuwa na mtu mwingine wa kumwamini."

"Viweke hivyo vipande," Kimbrell alimwambia Zelda. "Viweke kimoja kimoja, bila gundi, tuvione. Kama viko sawa, Dorsey, kesho asubuhi unapanda farasi."

Ida alimpa Zelda kopo, na taa zikazimwa tena. Uso ukajaa skrini. Mdomo ulipinda, kidevu kikaanza kutetemeka, na mahali fulani gizani mtu wa suti ya kijivu alitoa sauti kama birika. Kipande cha pili kilipofika, chumba kizima kilikuwa kimevunjika mbavu. Kimbrell alipiga magoti yake, Tolliver alijificha nyuma ya kiti kwa heshima, na aliyecheka kuliko wote, mpaka akaomba maji, alikuwa Kincannon.

"Basi! Zima!" Kimbrell alifuta machozi ya aina nyingine. "Dorsey, umefukuzwa. Ukithubutu tena kulia mbele ya kamera yangu nakushtaki. Utakaa nyuma yake mpaka uzeeke. Na rudisha hicho kitu kwenye *Korongo la Nyoka*, kimepata ndugu zake."

Watu walimzunguka Kincannon, wakampiga mgongo. Alifurahi sana, lakini Ida alimwona akijigusa kidevu mara moja, kama mtu anayeaga. Nyuma yao, Lyle Buckner alipiga makofi kuliko wote. Kisha akachukua kofia yake, akatoka kimya, na hakuna aliyemwona isipokuwa mpelelezi.

Ida alijipenyeza hadi kwa Kincannon. "Kuna mali moja bado haijarudi."

"Ipi? Vipande vyote vimo."

"Yule aliyekukalia kiti. Amekutoa kwenye farasi, na yeye ameangukia pabaya."

Kincannon aliacha kucheka. Alisimama akiwaza, kisha akasema taratibu, kama anajisemea, "Steji nzima ilimtazama saa nzima, ikaamini."

Mvua za Januari zilipoanza, Ida alipita steji namba nne na donati mfukoni, kwa sababu hakupata mwaliko na hakuuhitaji. Filamu ya pili ya Kincannon ilikuwa inaanza siku hiyo. Kwenye kiti cha turubai mtu mrefu alikuwa ameketi, mgongo huku, kofia imeshuka.

Ida alimwashiria Gus. Gus alitabasamu, akaigeuza taa.

"Mtoto wa punda! Ondoa!"

"Ni yeye," Ida alisema, ameridhika.

Mbele ya kamera palikuwa na jiko la shambani na meza moja, na mezani alikaa mkulima mzee ambaye habari mbaya ilikuwa njiani kumfikia. Gus alipanga taa kwa muda mrefu. Mkulima hakusogea. Hatimaye Gus alipiga kelele kwamba taa ziko tayari, na Lyle Buckner, kwa mazoea ya miaka kumi na mitano, akasukuma kiti nyuma, akainuka, akaanza kutoka kumpisha mtu.

"Unakwenda wapi wewe?" aliita Kincannon.

Lyle alisimama katikati ya mwanga, amechanganyikiwa. "Taa ziko tayari, bosi."

"Najua ziko tayari. Rudi ukae."

Lyle alitazama huku na huku, akimtafuta mwenye kiti. Hakuna aliyekuja. Alirudi mezani, akakaa, na taratibu akainua kidevu.